Kobalti kwenye boti ya faiba: jinsi metali za mpito zinavyoharakisha mimenyuko

Boti nyingi zinazovusha watu kati ya Amu, Shela na Manda siku hizi ni za faiba. Mwili wa boti hiyo ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa rezini, umajimaji mzito unaouzwa kwa ndoo na unaoweza kukaa miezi ghalani bila kuganda. Fundi akitaka igande, anahitaji vitu viwili. Kimoja ni peroksaidi, umajimaji angavu unaotiwa kiasi cha asilimia 1 au 2 ya uzito wa rezini. Cha pili ni chumvi ya kobalti iliyoyeyushwa, yenye rangi ya zambarau, na hiyo hutiwa kwa kiasi kidogo kuliko peroksaidi. Mara nyingi kiwanda huwa kimeshaitia, ndiyo maana ndoo ikifunguliwa rezini huonekana na wekundu wa waridi. Bila kobalti, rezini yenye peroksaidi ingekaa muda mrefu katika joto la kawaida la pwani ikiwa bado inanata. Kobalti ikiwepo, chini ya saa moja umajimaji umekuwa kitu kigumu, na ukiweka kiganja juu yake unasikia moto.

Karakanani, peroksaidi ndiyo inayosifiwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo inayomiminwa mwisho na rezini huganda mara tu baada yake. Ukiifuata kemia yenyewe, sifa hiyo imekwenda pasipo pake. Peroksaidi huvunjika na vipande vyake hubaki ndani ya boti milele. Inatumika mara moja, ikaisha. Kobalti ndiyo inayofanya kazi, ikarudi ilivyokuwa, ikafanya tena, mara nyingi, na boti inapoganda bado imo humo. Kobalti ndiyo kichocheo.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila kushiriki ndani yake. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili imepotosha watu wengi, na naamini ndiyo inayolifanya somo hili lionekane kama mazingaombwe. Kitu kisichoshiriki hakiwezi kubadilisha lolote. Kichocheo hushiriki, tena kwa karibu kabisa: hushikana na molekuli, huzipa elektroni au kuzinyang'anya, huvunja viungo vyake na kuvifunga upya. Kinachokitenga na viambato vingine ni kwamba mwisho wa kila mzunguko hurudi katika hali yake ya mwanzo.

Tuiangalie kobalti hatua kwa hatua, maana mzunguko wake ni mfupi na unaeleweka. Kwenye chumvi ile, kila atomu ya kobalti imepungukiwa na elektroni mbili. Ikikutana na molekuli ya peroksaidi, huipa elektroni moja. Peroksaidi ina kiungo dhaifu kati ya atomu mbili za oksijeni, na elektroni hiyo moja inatosha kukikata. Kinachotoka ni redikali huru, yaani kipande chenye elektroni moja isiyo na mwenzake, ambacho hakitulii mpaka kimeshikamana na kitu kingine. Sasa kobalti imepungukiwa na elektroni tatu. Inapokutana na peroksaidi nyingine, safari hii inachukua elektroni badala ya kutoa. Redikali ya pili inazaliwa, na kobalti imerudi kwenye upungufu wa mbili, tayari kuanza upya. Redikali hizo huvamia molekuli za staireni na poliesta zilizomo kwenye rezini, hufungua viungo vyake maradufu na kuziunganisha moja kwa nyingine, mpaka ndoo nzima imekuwa mtandao mmoja usioweza tena kutiririka. Kila kiungo kinachofungwa hutoa joto, na hilo ndilo linalosikika kiganjani.

Kuna jaribio la maabara linalouonyesha mzunguko huu kwa macho, na laiti lingefanywa katika kila shule ya sekondari. Chukua mmumunyo wa chumvi ya tatarati, uchanganye na haidrojeni peroksaidi, upashe moto. Povu hutoka taratibu mno. Tia kidogo kloraidi ya kobalti, ambayo ni ya rangi ya waridi. Mchanganyiko hugeuka kijani, hapo povu likafurika, na mmenyuko unapokwisha rangi ya waridi hurudi. Kijani kile ni kobalti ikiwa katikati ya kazi, imepungukiwa na elektroni tatu. Aliyeona rangi ikienda na kurudi hawezi tena kusema kwamba kichocheo hukaa pembeni.

Mzunguko huohuo unaeleza onyo ambalo kila fundi wa faiba anapaswa kulijua: kobalti na peroksaidi zisikutanishwe moja kwa moja, hata kwa kijiko kimoja. Ndani ya rezini, redikali zinazozaliwa hupata kazi ya kufanya na joto hutawanyika. Vikichanganywa vyenyewe kwenye kikombe, peroksaidi yote huvunjika kwa mkupuo, na mchanganyiko unaweza kuwaka au kulipuka. Kobalti huchanganywa na rezini kwanza hadi itawanyike yote, ndipo peroksaidi ifuate.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa rezini "inataka" kuganda, kwa nini haigandi yenyewe ghalani? Jibu ni kwamba kabla molekuli hazijapata viungo vipya, viungo vya zamani lazima vilegezwe, na kulegeza kunagharimu nishati. Molekuli nyingi, katika joto la kawaida, hazina nishati ya kutosha kulipa gharama hiyo. Mtu wa Amu anayetaka kufika Pate anaweza kuzunguka nje ya Manda kwenye bahari kuu, ambako wakati wa kusi mawimbi humfanya nahodha mwenye mashua ndogo aahirishe safari. Au maji yakijaa, apite ndani kwa mlango wa Mkanda, katikati ya mikoko, kwenye maji matulivu. Anakotoka ni kulekule, anakokwenda ni kulekule. Kichocheo hufungua njia ya Mkanda. Kwa njia hiyo, idadi ya molekuli zinazoweza kuvuka kila sekunde huongezeka mara maelfu au mamilioni.

Katika hilo mna mipaka ambayo watangazaji wa biashara huipuuza. Kichocheo hakiwezi kufanya mmenyuko usiowezekana uwezekane. Hakiongezi jumla ya nishati inayotoka. Na ikiwa mmenyuko ni wa kwenda na kurudi, hakisogezi mahali pa mizani, yaani pale kwenda na kurudi kunapolingana, kwa kuwa kinaharakisha kwenda na kurudi kwa pamoja. Mtu akikuuzia kidonge cha "kichocheo" cha kutia kwenye tangi la mashine ya boti na kudai kwamba petroli itatoa nishati maradufu, anakuuzia kitu ambacho kemia haikiruhusu.

Sasa, kwa nini kobalti? Kwa nini isiwe sodiamu, iliyojaa tele kwenye maji ya bahari, au kalisiamu, iliyomo kwenye kila jiwe la matumbawe lililojengewa nyumba za Mji Mkongwe wa Lamu?

Jibu limo kwenye mpangilio wa elektroni. Sodiamu ina elektroni moja ya nje iliyolegea. Ikishaitoa, zilizobaki zimefungwa ndani kabisa. Kutoa elektroni ya kwanza kunagharimu kilojuli 496 kwa moli, kipimo cha wanakemia cha idadi ya atomu. Ya pili inagharimu 4,562, zaidi ya mara tisa. Kwa hiyo sodiamu ina hali moja tu katika kemia ya kawaida, na haina pa kwenda na kurudi. Kobalti ni tofauti. Elektroni yake ya pili inagharimu kilojuli 1,648 na ya tatu 3,232, kiasi cha mara mbili tu, na molekuli zinazoizunguka zinaweza kulipa sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwa kushikamana nayo. Hivyo kupanda kutoka mbili hadi tatu na kushuka tena ni jambo la gharama ndogo.

Metali za mpito zote zina desturi hii. Ziko katikati ya jedwali la elementi: titani, vanadi, kromi, manganisi, chuma, kobalti, nikeli, shaba, na chini yake paladi, rodi, platini na nyinginezo. Kinachozikutanisha ni tabaka dogo la elektroni liitwalo d, lenye nafasi za elektroni kumi, ambalo kwenye atomu hizi au ioni zake halijajaa. Elektroni za tabaka hilo zina nishati inayokaribiana na zile za nje, kwa hiyo zinatoka moja moja bila mruko mkubwa wa gharama. Manganisi inaweza kupungukiwa na mbili hadi saba. Vanadi, mbili hadi tano. Zinki iko ukingoni mwa safu hiyohiyo, lakini tabaka lake la d limejaa kumi zote na hubaki limejaa hata zinki ikiwa ioni, na ndiyo maana wanakemia wengi hawaihesabu miongoni mwa metali za mpito.

Kubadilisha idadi ya elektroni ni nusu ya siri. Nusu ya pili ni kushika bila kung'ang'ania. Nafasi tupu za tabaka la d hupokea elektroni kutoka kwa molekuli inayokaribia, na elektroni zilizomo humo zinaweza kurudishwa kwa molekuli hiyohiyo, hivyo kiungo cha muda kinajengeka pande zote mbili. Damu yetu inaishi kwa ufundi huu: chuma kilicho ndani ya hemoglobini hushika oksijeni kwenye mapafu na kuiachia misulini. Pweza na kamba wanaovuliwa visiwani hutumia shaba kwa kazi hiyo, na ndiyo maana damu yao huwa ya buluu ikishapata oksijeni. Hapo hakuna uchocheo, kwa kuwa oksijeni inaachiwa ilivyokuja, ila ni mkono uleule.

Mfaransa Paul Sabatier, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake ya kuunganisha haidrojeni na molekuli nyingine kwa kutumia nikeli iliyosagwa laini, ndiye aliyeweka wazi wazo hili. Metali ikishika kwa ulegevu mno, molekuli inaondoka kabla haijalegezwa viungo. Ikishika kwa nguvu mno, molekuli haiondoki, nafasi inazibika na kazi inasimama. Kichocheo bora kiko katikati. Dhahabu haiishiki naitrojeni kabisa. Titani huishika hadi ikawa naitraidi, haiiachii. Chuma kiko pazuri kati ya hizo mbili.

Na hapo tumefika kwenye mmenyuko ambao, kwa maoni yangu, ndio uliobadilisha maisha ya binadamu kuliko mwingine wowote wa karne ya 20. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Mahindi ya Mpeketoni yamezungukwa nayo mchana na usiku, lakini hayawezi kuila, kwa sababu atomu mbili za naitrojeni zimefungana kwa viungo vitatu, na kuvivunja kunahitaji kilojuli 945 kwa moli. Mkulima hununua gunia la mbolea ili apate naitrojeni ambayo mtu mwingine ameshaivunja.

Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuunganisha naitrojeni na haidrojeni kuwa amonia kwa kutumia metali adimu ya osmi, chini ya shinikizo kubwa. Ulimwengu mzima haukuwa na osmi ya kutosha kiwanda. Alwin Mittasch na wenzake katika kampuni ya BASF walifanya maelfu ya majaribio wakitafuta kitu cha bei nafuu, na kilichowatosheleza kilikuwa chuma, kilichotokana na mawe ya magnetiti kutoka Uswidi na kuongezewa kidogo alumina (oksaidi ya alumini) na potasiamu. Carl Bosch akaunda mitambo iliyohimili shinikizo hilo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza kazi. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, amonia hiyohiyo iligeuzwa baruti, na hilo halipaswi kufichwa katika hadithi hii. Leo inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani wanakula chakula kilichooteshwa kwa naitrojeni iliyopita juu ya chuma.

Jinsi chuma kinavyofanya kazi hiyo haikueleweka kikamilifu hadi Gerhard Ertl alipochunguza uso wa chuma safi katika ombwe, na akapewa Nobel mwaka 2007. Molekuli ya naitrojeni hulala juu ya uso wa chuma. Elektroni za chuma huingia kwenye molekuli na kudhoofisha vile viungo vitatu mpaka atomu mbili zinaachana, kila moja imeshikwa na chuma. Hii ndiyo hatua ya polepole kuliko zote. Haidrojeni nayo huachana kwa urahisi juu ya uso huohuo, na atomu zake hutembea mpaka zikutane na naitrojeni: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Amonia iliyokamilika huinuka na kuondoka, na nafasi ya chuma inabaki tupu kwa mgeni mwingine. Potasiamu iliyoongezwa husukuma elektroni zaidi upande wa naitrojeni, na alumina huzuia chembe za chuma zisiyeyukiane na kupoteza uso wake.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata wanafunzi wa vyuo. Nimesema kichocheo hakisogezi mahali pa mizani, na kutengeneza amonia ni mmenyuko wa kwenda na kurudi. Basi chuma kinaongezaje mazao? Amonia hutengenezwa zaidi kadiri joto linavyopungua, lakini joto likipungua kila kitu kinakuwa polepole. Bila kichocheo kizuri ingebidi kupandisha joto mno ili kitu kitokee, na katika joto hilo amonia nyingi ingevunjika tena. Chuma kinaruhusu kazi ifanyike kwenye nyuzi 400 hadi 500, mahali ambapo amonia ya kutosha inabaki. Faida imekuja kwa kubadilisha joto la kufanyia kazi. Mizani yenyewe haijaguswa.

Uchocheo wa aina hii, ambapo metali ni yabisi na vinavyomenyuka ni gesi, hutegemea uso peke yake. Atomu zilizo ndani ya donge hazigusani na chochote. Ndiyo sababu metali husagwa au kutandazwa kwa chembe ndogo kabisa. Johann Wolfgang Döbereiner aliliona hilo mwaka 1823, alipopuliza haidrojeni juu ya platini yenye vinyweleo na gesi ikawaka yenyewe bila kiberiti. Miaka kumi na miwili baadaye, Mswidi Jöns Jacob Berzelius aliyakusanya matukio kama hayo na kuyapa jina moja. Kobalti ya kwenye boti ni aina ya pili: imeyeyuka ndani ya rezini, na kila atomu yake iko huru kufanya kazi.

Vanadi nitaipita haraka, kwa kuwa hadithi yake ni ileile: oksaidi yake, kwenye nyuzi kama 450, huipa dioksaidi ya salfa oksijeni, inabaki na upungufu, kisha inajijazia oksijeni kutoka hewani. Asidi ya salfa iliyomo kwenye betri za sola na za magari imetoka kwenye mzunguko huo.

Plastiki inahitaji kusimuliwa zaidi. Miaka ya 1930 polithini ilitengenezwa kwa kuibana gesi ya ethilini kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya kawaida, na kilichopatikana kilikuwa laini. Mwaka 1953, nchini Ujerumani, Karl Ziegler aligundua kwamba kloraidi ya titani ikichanganywa na kampaundi za alumini huunganisha ethilini bila shinikizo kubwa, na minyororo inayotoka ni mirefu na imenyooka, kwa hiyo plastiki yake ni ngumu. Giulio Natta wa Italia akaendeleza kazi hiyo, na mwaka 1963 walipewa Nobel pamoja. Wakati uleule Wamarekani walipata njia nyingine kwa kromi. Molekuli ya ethilini hushikwa na titani, husukumwa ndani ya mnyororo unaokua kutoka kwenye atomu hiyohiyo, na nafasi inafunguka kwa inayofuata. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno hata viwanda havihangaiki kukitoa. Mitungi ya manjano inayobebwa na punda kwenye vichochoro vya Amu ni plastiki ya aina hii, na ndani ya kila mmoja mna chembe za titani au kromi zilizobaki kazini kwake. Mnyororo huo uliofungwa kwa wepesi hauna haraka ya kuvunjika ukitupwa baharini. Ndiyo maana mafundi wa Lamu waliweza kuunda Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 hivi lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Plastiki iliyokuwa bado imara baada ya kutupwa iliweza kuwa mbao.

Si kila uchocheo hutufaa. Uliza mafundi wa Matondoni kuhusu mbao zinazozunguka misumari kwenye jahazi kuukuu. Mbao inakuwa nyeusi, kisha laini, kisha inatoka kwa ukucha, huku ubao uleule shibiri moja mbele ni mzima. Weusi ni chuma kikiungana na tanini za mti. Ulaini unatokana na jambo zito zaidi. Maji ya chumvi hula msumari, chuma kinaingia kwenye mbao kikiwa ioni, na humo kinaanza mzunguko unaoitwa kwa jina la Mwingereza Henry Fenton, aliyeripoti mmenyuko wake mwaka 1894: chuma chenye upungufu wa elektroni mbili hukutana na peroksaidi inayozalishwa kidogo kidogo palipo na oksijeni, huitupia elektroni, hubaki na upungufu wa tatu, na redikali kali ya haidroksili inatoka. Ni mzunguko wa kobalti ndani ya rezini, ila safari hii redikali haziungi minyororo. Zinakata minyororo ya selulosi, yaani mifupa ya mti wenyewe. Na kwa kuwa chuma hurejea, kipande kidogo cha kutu kinaweza kuharibu mbao nyingi kuliko uzito wake. Wahifadhi wa meli ya Vasa ya Uswidi, iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961, wanapambana na chuma hichohicho, ambacho pia kimesaidia kugeuza salfa iliyomo kwenye mbao zake kuwa asidi.

Mitepe, vyombo vya kale vya visiwa vyetu vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, havikuijua hitilafu hii. Kamba zake zilikuwa na maradhi yao, na zilihitaji kushonwa upya, lakini ubao haukuliwa kutoka ndani na chuma.

Rangi ya mafuta inayopakwa juu ya mbao hizo inakauka kwa kanuni ileile pia. Haikauki kwa maji kuondoka. Mafuta yake huchukua oksijeni ya hewa, hutengeneza peroksaidi, na kobalti au manganisi iliyotiwa kiwandani huzivunja kuwa redikali zinazoyafunga mafuta pamoja. Kwa miaka mingi kobalti imekuwa ikipendelewa. Sasa watengenezaji wanahamia manganisi na chuma, kwa sababu baadhi ya kampaundi za kobalti zinashukiwa kusababisha saratani, na kwa sababu zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na inagombewa na viwanda vya betri. Nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote, hasa nikiwafikiria vijana wanaopaka rangi na rezini siku nzima mikono mitupu.

Nimesema kichocheo hurudi kilivyokuwa. Hilo ni kweli kwa kila mzunguko, lakini vichocheo hufa. Salfa kidogo kwenye gesi hujibandika juu ya chuma cha amonia na haibanduki. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilifunika platini, paladi na rodi zilizomo kwenye kisafishaji cha moshi wa gari, na gari likaendelea kutoa monoksaidi ya kaboni kana kwamba kifaa hakipo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Joto nalo huunganisha chembe ndogo za metali kuwa kubwa, uso ukapungua. Kiwanda kinachosafisha gesi zake vizuri kinaweza kutumia chuma kilekile kwa zaidi ya miaka kumi.

Viumbe hai wanakabili tatizo hilo kwa njia nyingine. Kwenye mizizi ya kunde, bakteria huvunja naitrojeni kwa kimeng'enya chenye chuma na molibdeni, bila nyuzi 400 na bila shinikizo, lakini oksijeni hukiua kimeng'enya hicho upesi. Ndani ya vinundu vya mizizi mmea hutengeneza protini nyekundu inayofanana na hemoglobini, nayo hushika oksijeni isikifikie kwa wingi. Mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, inafanya kazi ngumu zaidi: inapasua maji. Ndani ya kila jani, kikundi cha atomu nne za manganisi na moja ya kalisiamu hupoteza elektroni moja baada ya nyingine kadiri mwanga unavyopiga, na zikitoka nne, huzichukua zote kutoka kwa molekuli mbili za maji na kuachia oksijeni tunayovuta. Kisha huanza tena. Mwanga huohuo unaoiendesha kazi huiharibu protini inayokishikilia kikundi hicho, na jani halina namna ya kuilinda kabisa. Kwa hiyo huibomoa iliyoharibika, hutengeneza protini mpya na kuzipanga manganisi mahali pake upya, na jua likiwa kali jambo hilo huweza kufanyika ndani ya nusu saa hadi saa moja.